Chumvi ya Wifi

Wifi yangu ni dobi, na kama hujawahi kuwa na wifi dobi hujui maana ya kukaguliwa. Siku niliyopelekwa kwao kutambulishwa, kila mtu alinitazama usoni isipokuwa yeye. Yeye aliitazama kola ya gauni langu, akasema, "Aliyeipiga hii pasi alikuwa na haraka." Aliyeipiga ni mimi. Nilinuna hadi tunaondoka. Baadaye nikaja kujua kwamba hiyo ndiyo karibu yake, na kwamba mtu asiyemchokoza huwa hana habari naye.

Duka lake ni chumba kimoja chenye meza ndefu iliyovishwa blanketi, pasi mbili za umeme, moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme umekatika, na kamba iliyovuka kutoka ukuta hadi ukuta ikiwa imejaa mashati ya watu. Ubavuni mwake nina kibanda changu cha vifungo, zipu na uzi. Kinachotutenga ni ubao tu, kwa hiyo kutwa nzima namsikia: anavyonyunyiza maji, pasi inavyofoka, na yeye anavyogombana na suruali. Nguo anaisemesha. "Nyooka basi, mwenzako kanyooka." Wateja wanamwita Dada Pasi. Mimi namwita wifi, na akiniudhi namwita shangazi mtu, kwa sababu watoto wangu wamemrithi ulimi.

Kitu ambacho sikukisikia kupitia ule ubao ni ugonjwa wake, maana aliuficha. Kwa miaka alikuwa anaharisha damu. Alivijua vyoo vyote vya mtaa wetu na tabia za wenye funguo. Nilikuwa nikimwona anatoka mbio, nikadhani anamfukuzia mteja aliyesahau chenji. Hadi siku alipoanguka kwenye rundo la mashuka ya watu ndipo tukajua. Hospitali wakajaribu dawa hii na ile, mwisho wakasema utumbo mpana umeharibika wote na hautibiki, lazima utoke.

Ukatoka. Wakamwachia mdomo mdogo wa utumbo mwembamba upande wa kulia wa tumbo, na juu yake mfuko uliobandikwa kwenye ngozi, wa kupokelea choo. Mimi niliogopa hata kuutazama. Yeye aliamka kutoka usingizi wa dawa, akakaa siku mbili tatu akijisikiliza, kisha akaniambia, "Wifi, nimeketi tangu asubuhi sijakimbia. Kumbe mchana ni mrefu hivi!" Nililia pale pale kitandani pake. Tukaona mambo yamekwisha.

Sasa inabidi nikueleze habari ya nyumba ya mama mkwe wangu, maana bila hiyo utadhani sisi ni wendawazimu. Nyumba hiyo haikuwa na chumvi. Sisemi ilikuwa nayo kidogo, wala sisemi ilikuwa imeisha. Haikuwa nayo kabisa, na aliyeingia nayo alitoka nayo. Baba mkwe aliugua presha miaka mingi, akafa nayo, na tangu siku hiyo mama akaitoa chumvi jikoni kama mtu anavyomfukuza mwizi. Mimi baba mkwe sikumkuta, nilimkuta ukutani kwenye picha. Chumvi pia sikuikuta. Watu husema mzee fulani amekula chumvi nyingi. Mama mkwe wangu amezeeka bila kuigusa, na bado ananipita kwa kutembea.

Basi kila mmoja alikuwa na mbinu zake. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme na mtu mzima na ndevu zake, alikuwa anaenda kwa mama yake na chumvi aliyoiviringisha kwenye kikaratasi, ndani ya mfuko wa shati. Mimi ya kwangu niliitia kwenye kikopo cha vidonge. Mama akigeuka kuchukua maji, sisi mikono mbio. Wifi peke yake ndiye aliyekula kama alivyopikiwa. "Mama akiridhika, na mimi nimeshiba," alikuwa akisema, na mimi namwambia huo ni unafiki wa kutafuta urithi.

Siku ya kuruhusiwa hospitali, mume wangu alikuwa juu ya nguzo kazini, na mimi nilikuwa nashikilia maduka mawili kwa mikono miwili, napokea mashuka huku nauza zipu. Aliyekwenda kumchukua wifi ni mama. Muuguzi anayeshughulika na watu wenye mifuko alimkalisha, akamweleza kila kitu: ale nini, anywe nini, chumvi iongezwe kwenye kila chakula. Akampa na pakiti za unga wa chumvi na sukari wa kukorogea maji. Mama aliitikia "ndiyo, mwanangu" kila alipopaswa kuitikia. Alipofika naye nyumbani kwake alizipandisha zile pakiti juu ya kabati, nyuma ya masufuria makubwa, akafunga mlango wa jiko. Wifi alikuwa bado na ukungu wa dawa kichwani, wala hakukumbuka kuuliza.

Tulichokiona sisi ni jagi. Jagi kubwa la plastiki, lililokaa kando ya kitanda cha wifi na halikukauka. Mama alimnywesha maji kama mtu anayezima moto. Akampikia kwa mapenzi yake yote: maharage na maganda yake, mboga za majani zilizoiva nusu, mkate wa unga usiokobolewa, machungwa na nyuzinyuzi zake. Chakula cha afya hasa, kwa mtu mwenye matumbo kamili.

Kadiri wifi alivyokunywa, ndivyo mfuko ulivyojaa. Ulijaa maji matupu, akamwaga, ukajaa tena kabla hajalala vizuri. Jirani akija anasema, "Unapoteza maji, dada, kunywa maji." Shangazi yao anapiga simu, "Anywe maji." Naye anakunywa, na kiu haiondoki. Macho yakaingia ndani. Midomo ikapasuka. Mkojo ukawa kidogo sana na mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Akisimama anashika ukuta. Mimi nikimchokoza, ananiangalia tu bila kunijibu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Wifi yangu asiyejibu ni mgonjwa kweli.

Alasiri moja nilimpitia, akaniomba nimletee pasi ya mama. Alitaka kunyoosha foronya yake mwenyewe, ajione kama bado ni mtu. Nikamwekea meza karibu na kitanda. Alipitisha pasi mara ya kwanza, mara ya pili, kisha mkono ukasimama. Vidole vilikuwa vimekaza kwenye mpini na havifunguki. Foronya ikaanza kutoa moshi. "Wifi, nifungue," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikamfungua kidole kimoja kimoja, na nilipomaliza macho yake yakageuka, akaniangukia mwili mzima. Alikuwa mwepesi mno. Nilipiga ukelele uliotoa mtaa mzima nje.

Hospitali walimtundikia dripu kabla hata hatujaulizwa jina, na mume wangu akatukuta huko, ametoka kazini mbio. Yule muuguzi wa mifuko akaja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Akamtazama wifi, akaubonyeza ulimi wake, akamgeukia mama.

"Mama, anakunywa nini?"

"Maji," mama akajibu, tena kwa fahari. "Jagi halikauki, mwanangu."

"Maji matupu?"

"Safi. Nachemsha mwenyewe."

"Na chumvi kwenye chakula?"

Mama akatazama sakafu.

"Na zile pakiti nilizokupa?"

Mama akaendelea kutazama sakafu. Mimi ndiyo kwanza nasikia habari ya pakiti. Nilimwangalia mume wangu, naye akanitazama, na sote tukamtazama mama.

Muuguzi alivuta kiti. Hakugomba, na hilo nitamshukuru siku zote. "Mama, utumbo uliotolewa ndio uliokuwa unayanyonya maji na chumvi na kuvirudisha mwilini. Sasa haupo. Ukimpa maji matupu mengi, yanapita moja kwa moja, na yakipita yanaondoka na chumvi yake. Anakunywa zaidi, anapoteza zaidi. Hiyo kiu siyo ya maji peke yake, ni ya maji yenye chumvi." Kisha akasema lililotukata maini. Daktari ameangalia damu, figo zimeumia. Hazijafa, zitarudi zikitunzwa. Lakini akikauka tena hivi, hana ahadi ya kutupa.

Ungedhani hapo mama angesema sawa. Mama alijifunika vizuri kitenge chake, akasema, "Mtibuni hapa. Nyumbani kwangu chumvi haiingii."

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka na maneno yalikuwa mabaya. Mume wangu akanikanyaga mguu. Na kabla sijamkanyaga na yeye, mama akaanza kusema, akiwa bado anatazama sakafu.

"Baba yenu nilimlisha chukuchuku miaka yote aliyougua. Hakulalamika. Siku moja akaniomba, 'Mke wangu, leo nitilie chumvi kidogo tu, nikumbuke ladha.' Nikamhurumia. Nikatia kwa mkono wangu huu. Asubuhi nikamwamsha, hakuamka." Akauinua mkono, akautazama kama wa mtu mwingine. "Ninyi mnajua alikufa na presha. Mimi najua nilichokitia kwenye chungu."

Hakuna aliyejua hayo. Mume wangu alikaa chini kwenye ukingo wa kitanda cha watu. Na mimi, hasira yote ilinitoka, nikabaki na aibu ya kikopo changu cha vidonge. Mwanamke huyu alikuwa ameishi na jambo hilo jikoni mwake, sisi tunamcheka kisirisiri.

Wifi ndiye aliyezungumza. Tulidhani amelala. "Mama," akasema, kwa ile sauti yake iliyokauka, "mimi siyo baba. Mkono huohuo, nitilie na mimi. Nisipotiliwa nakufa."

Mama alisimama, akatoka nje ya wodi, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alimwambia muuguzi, "Nionyeshe kukoroga."

Muuguzi akamwonyesha pale pale mezani: maji, sukari, chumvi, kijiko kipi na kisawazishwe vipi. Akamfanya arudie mbele yake. Vipimo sivitaji hapa, kila mgonjwa aulize vyake. Ninachoweza kusema ni kwamba mama alisawazisha kijiko kile kwa ukingo wa kisu, na punje iliyomwagika mezani aliikusanya kwa kidole. Wifi alikunywa kwa mafundo madogo. Kati ya dripu na kile kinywaji, kesho yake uso ulikuwa umeshaanza kurudi, kama shati lililonyunyizwa maji kabla ya pasi. Keshokutwa yake akaniuliza kwa nini nimevaa sketi yenye mkunjo. Sijawahi kufurahi kutukanwa kiasi kile.

Siku ya kumrudisha nyumbani, mama aliniambia nimsindikize dukani kwanza. Mwenye duka, aliyemuuzia sukari na sabuni miaka yote, alimuuliza anataka nini.

"Chumvi," mama akasema.

Yule bwana akatulia na mizani yake. "Una wageni, bibi?"

"Nina mwanangu."

Akaibeba kwa mikono miwili njia nzima. Tulipofika mlangoni pake akasimama. Nikaona anapata shida, nikamwambia, "Nipe mimi niingize, mama." Akakataa. "Niliitoa mwenyewe, nitaiingiza mwenyewe." Akavuta pumzi, akaingia, akaiweka jikoni juu ya meza mahali ambapo kila mtu anaiona. Kisha akapanda kiti akazishusha zile pakiti.

Tangu hapo mambo yakawa mepesi, na mimi nikapata kazi ya kucheka. Maana mama alikuwa mtu wa kukataza, na sasa akawa mtu wa kulazimisha. "Tia chumvi hapo! Ongeza, mbona unaogopa?" Mkate ukawa mweupe. Viazi vikamenywa, wali ukawa laini, ndizi zikaiva kabisa, nyama ikasagwa. Maganda, mbegu, nyuzi za machungwa na mahindi vikapigwa marufuku hadi muuguzi aseme. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi. Kinywaji kisipande juu ya chakula, kisubiri kidogo. Maji matupu yakawa ya kubembelezea koo tu, na chai kikombe kidogo. Dawa ya kuupunguzia utumbo kasi ilimezwa kabla ya mlo. Na kutafuna! Wifi alitafuna kipande cha mkate hadi mimi nimemaliza sahani, nimeosha, nimerudi.

"Wewe unakula au unausoma?" nikamuuliza.

"Wewe unayemeza kama bata, kaa na utumbo wako," akajibu.

Mfuko ukatulia. Kilichokuwa maji kikawa kizito kama uji, akawa anakwenda kumwaga kwa nafasi yake, bila mbio. Aliteleza mara moja tu. Alisherehekea kupona kwake kwa chupa nzima ya soda ya baridi, tumbo likamchuruzika kutwa, akamwendea mama mwenyewe kuungama. Mama akamkorogea chumvi yake, kisha akaivunja ile chupa kwa hasira.

Kisha akarudi dukani. Mama alikuwa ameapa kwamba binti yake hatasimama tena mbele ya pasi, joto lile litamkausha. Muuguzi akasema atasimama, mradi aanze na saa chache, akae karibu na dirisha, na kinywaji chake kiwe mezani. Siku aliyofungua ule mlango nilikuwa kibandani nahesabu zipu. Nikasikia blanketi linakung'utwa. Nikasikia maji yananyunyizwa. Halafu pasi ikafoka, na wifi akaiambia suruali ya mtu, "Haya, nimerudi. Mlidhani mtakaa na mikunjo yenu milele?" Niliweka zipu chini. Nilisimama nyuma ya ule ubao, nikacheka peke yangu, machozi yananitoka, mteja ananiuliza kama niko sawa.

Lakini swali la figo lilikuwa bado linatukaa kooni. Siku ya kwenda kupimwa tulikwenda wote watatu, mume wangu akabaki kazini huku akipiga simu kila mara kuuliza kama tumeitwa. Hatukuwa tumeitwa. Mama alikaa kwenye benchi, mikono mapajani. Tulipoitwa, muuguzi ndiye aliyetoka na majibu, na sauti yake ile ikafika mwisho wa ukumbi kabla hajatufikia.

"Figo zimerudi! Zote mbili! Nani anamkorogea?"

"Mimi," mama akasema.

"Basi endelea hivyo hivyo."

Wifi akanishika mkono, akaubana kwa mkono wake wa pasi, ambao kwa kweli una nguvu za kuvunja mifupa, na sikuutoa. Watu wanatushangaa sisi tunarukaruka. Mama peke yake hakuruka. Alimshika muuguzi kiwiko, akamvuta kando, lakini si mbali kiasi cha sisi tusisikie. Akamrudia habari ya baba na kile chungu, tangu mwanzo. Akauliza kama ni ile chumvi iliyomuua.

Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho. "Mama, aliishi na presha miaka mingapi?"

"Mingi. Tangu huyu anaanza shule," akaonyesha wifi kwa kidevu.

"Kilichomuua siwezi kukuambia, sikuwepo. Lakini ninachojua mimi, mlo mmoja hauleti wala hauondoi ugonjwa wa miaka hiyo yote. Wewe ndiye uliyemfikisha mbali vile. Usijihukumu kwa sahani moja."

Mama akaitikia "ndiyo, mwanangu." Lakini safari hii niliona amesikia.

Nje kulikuwa na mkahawa mdogo, na wifi akasema ana njaa, viazi vya kukaanga daktari ameruhusu. Tukaketi. Vilipokuja alivinyunyizia chumvi bila haya, kama alivyoagizwa, akaisogeza sahani katikati. Nikachukua, akachukua. Mama alikitazama kimoja muda mrefu, akakichukua, akakitia mdomoni. Tukaacha kutafuna sisi wote wawili. Yeye akatafuna taratibu, akameza, akachukua kingine.

"Baba yenu alimaliza sahani," akasema. "Akaifuta na kipande cha mkate. Sijawaambia hilo. Akanitazama, akacheka, akasema, 'Leo umenipikia, mke wangu.' Alilala akiwa na furaha."

Wifi akamsogezea sahani.